Dakika Nne na Sekunde Kumi

Magesa, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu:
mara ya kwanza Mwaloni, kelele za wapakiaji zikakumeza;
mara ya pili jikoni, wali ukaungua;
mara ya tatu usiku, simu chini ya mto,
nikakusikia hata unapomeza mate.

Unasema Lyubliana. Ulimi wangu unajikwaa hapo kwenye "lyu"
kama mguu kwenye mawe ya Mabatini.
Mji mkuu, unasema, lakini watu wake wote
ungewaweka Ilemela, na nafasi ya kupanga matenga ikabaki.
Kwamba mto unapita katikati na hakuna anayefulia humo.
Kwamba magari yamefukuzwa mjini, watu wazima wenye tai
wanakwenda ofisini kwa baiskeli.
Kwamba kampuni ulianza kuisajili asubuhi,
na kabla ya chai ya saa kumi ulikuwa mkurugenzi.
"Mkurugenzi wa nini?" niliiuliza simu.

Nakuamini. Sina sababu ya kukuita mwongo.
Mimi leseni ya dagaa imenila majuma sita:
dirisha la pili wananituma la tano,
wa dirisha la tano amekwenda msibani.
Nimeshajua majina ya watoto wa karani;
mdogo anaitwa Nyamizi, ana pumu.
Huko, unasema, karani hujawahi kumwona.
Unabonyeza, kinakubali.

Halafu ukasema: uza kiwanja cha Buswelu.
Ulisema haraka, dakika ya tatu,
katikati ya kodi ya nyumba na habari za theluji,
kama mtu anayeficha mfupa ndani ya tonge.

Jumapili nikapanda kukitazama.
Jiwe lipo, lile uliloapa ukikua utalipasua.
Limekaa kama mdai mlangoni.
Kutoka juu yake ziwa linaonekana kipande, upana wa kanga,
na ndege ya minofu inainuka kutoka uwanjani.
Sangara wa hapa haombi viza, Magesa.
Anakatwa usiku, analazwa kwenye barafu,
anafika kwenu kabla sisi hatujamaliza
kugombea mapanki.

Nikakaa juu ya jiwe nikapiga hesabu,
si za euro; hizo umeshanipigia.
Nilifungua daftari la madeni.
Bahebe wa genge, elfu kumi na nane.
Mama Lugembe, debe mbili tangu Pasaka.
Mwalimu Kadogosa, ambaye hatalipa,
lakini alikesha na mama Bugando usiku ule umeme ulipokatika,
nami jina lake naliandika kwa penseli.
Ishirini na watatu nawadai. Kumi na mmoja wananidai.
Mlango huu ukifungwa siku mbili,
watu thelathini na wanne watauliza niko wapi,
wengine wakiomba nisipatikane.

Sasa nijibu kwa sauti yako, usinitumie picha ya daraja:
huko nani anakudai?

Sijasema mji ni mbaya. Mji mdogo ni kitu kizuri,
tuliwahi kuwa nao.
Mama alishuka kivuko cha Kamanga saa mbili,
akafika sokoni saa nne,
na katikati hapakuwa na kitu ila salamu.
Labda ndicho ulichokifuata huko, kwa nauli kubwa hivyo.

Kiwanja siuzi.
Lakini Jumanne, usinicheke,
nilikwenda kwa kijana wa steshenari pale Makoroboi
anijazie fomu ya pasipoti.
Akauliza sababu ya safari.
Nikamwambia andika: kumdai mdogo wangu.
Akanitazama, akatazama kioo chake,
akaandika: matembezi.