Safu ya Kumi na Tatu

Chumba changu kipo nyuma ya hospitali, Wete.
Kilikuwa stoo ya magodoro. Dirisha lake moja
linaingiza harufu ya karafuu zilizoanikwa barabarani
na sauti ya mtu anayefukuza kuku.
Vifaa: futi ya fundi cherehani, chaki,
beseni la wino, karatasi za kufungia mikate,
na fomu ya maswali kumi na mawili
iliyotoka mbali, ikatafsiriwa, ikapigwa muhuri.

Massoud Kombo aliingia kwa mguu mmoja na nusu.
Tawi la mkarafuu lilimtupa kule Mtambwe.
Mkwewe akamfunga kwa vipande vya mianzi na kanga kuukuu;
mfupa ukashika, ila ukashika upendavyo wenyewe.
"Jina la baba," alisema akikitazama kifundo,
"miaka hamsini nimelibeba mabegani,
sasa limeteremka mguuni."
Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.
Nikacheka.

Kanyaga wino. Kanyaga karatasi.
Tembea kama uendaye dukani.
Wayo wa kushoto ukaandika barua nzima:
kisigino, ukingo, vidole vitano kama nukta.
Wa kulia ukaandika neno moja, ukalifuta.
Unaumwa? Sijambo, alhamdulillahi.
Mdomo ulinipa adabu,
karatasi ikanipa habari.

Kisha ukutani. Dole gumba kwenye chaki,
goti liguse ukuta, kisigino kisiinuke.
Kushoto, sentimita kumi na moja.
Kulia, mbili, na jasho.
Nikamweleza: kifundo ni bawaba,
na mlango uliovimba kwa mvua haufunguliwi kwa teke.
Kano ya kisigino imezoea ufupi
kama mtu aliyezoea deni.

Tukaja kwenye fomu.
Unaweza kupanda ngazi?
"Nyumba yangu haina ngazi."
Unaweza kukimbia?
"Nimkimbie nani?"
Unaweza kurudi kwenye kazi yako ya awali?
Hapo akanyamaza, kuku wakafukuzwa tena.
"Mikarafuu ina vijana," alisema. "Mimi nataka kukaa."

Sikuelewa. Akaugeuza mkono wake kuwa mguu:
kiganja wima, vidole vimekunjwa kuelekea kibla.
"Kwenye attahiyatu, wa kulia husimama hivi.
Wangu hausimami.
Mwezi wa saba huu nasali juu ya kiti cha plastiki,
mwisho wa safu,
kama mgeni aliyechelewa harusini."

Fomu yangu haikuwa na safu ya hilo.
Nikachukua rula, nikaipigia mstari.

Nilimkatia mpira wa ndani wa baiskeli,
auvute kwa vidole asubuhi na jioni.
Nikamwambia aokote karafuu kwa mguu,
moja moja, kutoka sinia hadi bakuli.
Wajukuu wakageuza mashindano; wakamshinda.
Wiki ya tatu: tatu na nusu.
Wiki ya sita: nne.
Wiki ya saba akarudi na mbili, kifundo kimefura,
kabeba gunia, eti lilikuwa dogo.
Nikamkemea kama niliyemzaa.
Wiki ya kumi na moja: sita.
Kumi na moja haijafika. Nadhani haitafika,
na nimeandika hivyo bila kuipamba.

Ijumaa moja nilipita kwao na futi mfukoni.
Kiti cha plastiki kilikuwa uani,
juu yake Bi Mize, mkewe, anachambua:
makonyo huku, karafuu kule.
Nikamuuliza mzee yuko wapi.
Akaelekeza kwa kidevu, upande wa msikiti.
"Kiti amekiacha," alisema,
akajiweka sawa, akanyoosha miguu.
"Nami mgongo ulikuwa ukiniuma siku nyingi,
ila mimi hakuna aliyenipima."