Bitana

Nilikuwa na daftari la vipimo, jalada la bluu,
kila jina na mabega yake, kifua, kiuno, urefu wa mkono.
Sikuandika dini. Nimezungusha futi kwenye miili elfu
na sijaona inapopimiwa.

Halija Tuasikal, kebaya ya harusi,
nje nyeupe, bitana nyekundu. Aliitaka mwenyewe:
"Ndani pawe na moto," akacheka, akalipa nusu.
Kifua themanini na sita. Kiuno sitini na nne.
Ataichukua baada ya Idi.

Idi ikaja na moshi.
Mchana mmoja tu, na Ambon ikachanika
pale ambapo hapakuwa na mshono.

Usiku wa tatu wakaja vijana wa kanisani kwetu,
Yopi, Semi, na yule mtoto wa mwalimu Pattinama
niliyemshonea sare ya darasa la kwanza.
"Mama Oce, tunataka vitambaa vya kichwani. Vyekundu.
Tusije tukauana wenyewe gizani."
Sikuuliza: basi mnakwenda kumuua nani?
Mkasi hauulizi, nikajifanya mkasi.
Mapazia yakaisha, joho za kwaya zikaisha,
na bado walikuwa mlangoni, wamepanga foleni
kama wanaongoja sakramenti.
Nikaifumua kebaya ya Halija.
Bitana ilitosha vichwa kumi na moja.

Upande wa pili, fundi Rusdi Lessy,
aliyenifundisha kutia mkono wa nguo usikunjamane,
alikuwa anakata vyeupe.
Alinieleza mwenyewe, miaka baadaye,
tukinywa kahawa bila kutazamana,
kama watu wawili waliowahi kuiba duka moja.

Wanasema amani ilitiwa saini. Sawa.
Lakini usiku dereva huiacha barabara ya pwani
akazunguka mlimani, na abiria hakuna anayeuliza.
Wajukuu wangu wana shule yao, wa Rusdi wana yao.
Mtoto akichelewa nusu saa
ulimi wangu hukauka kama chaki.
Kati ya wale kumi na mmoja, walirudi wanne.
Yopi alirudi. Mwaka mpya, fataki zikilia,
huingia uvunguni mwa kitanda,
baba mzima mwenye mvi.

Jumanne iliyopita akaingia msichana na risiti.
Karatasi imekuwa ya njano, mwandiko ni wangu.
"Mama alifariki mwezi wa tatu, huko Buton.
Aliniagiza nije na ile nusu nyingine."
Akaweka noti mezani, akazinyoosha.

Nilikuwa na maneno. Miaka yote hii
nimeyakunja, nimeyapiga pasi.
Siku ya kuyavaa yakanibana makwapani.

Nikaleta kebaya. Nyeupe bado, inanuka nondo na dawa yao.
Akaigeuza ndani nje kama mtu anayejua kushona,
akaziona nyuzi zilizokatwa
na wekundu uliosalia kwenye pindo, upana wa kidole.
"Bitana iko wapi?"

Nikamwambia.
Nilimwambia na hesabu yake, kumi na moja,
na majina niliyoyajua.

Hakulia. Hakunisamehe pia, nisikudanganye.
Alikaa kwenye kiti cha wateja,
mvua ikaanza, ikaisha, mfereji ukaendelea kudondoka.
Kisha akasimama, akainua mikono
kama anavyosimama mtu anayepimwa
au anayepekuliwa.

Kifua themanini na tisa.
Kiunoni futi ilitetemeka, nikapima mara mbili.
"Bitana rangi gani?" nikauliza.

Akasema atafikiri.