Faranga Mia Mbili

Milango miwili, ufunguo mmoja,
na kopo la majivu kwa ajili ya harufu.
Hapa soko la Kadutu nakusanya mia mbili mbili,
karatasi naikata mwenyewe, vipande vya kiganja.

Siku ya mkutano walisema sana.
Mama wa vitenge: "Na binti zangu je?"
Sikumcheka. Nami nina binti,
na komeo la mlango wa pili limekatika tangu Pasaka;
tumeomba msumari, hatujapewa msumari.
Kijana wa chenji akauliza nani atakagua,
na kwa mkono gani.
Watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Nsimire alikuwa nje mvuani na beseni lake la sambaza.
Jina hilo kajipa. Lile la zamani
wanalitoa wakitaka kumuumiza.

Mimi si mtu wa hoja.
Nilichokiona ni hiki: tangu saa moja asubuhi
hanywi maji. Jua la utosi, magamba mikononi,
wenzake wanapitishiana kikombe, kwake kinaruka.
Kibofu anakipigia hesabu
kama wengine wanavyopiga hesabu ya deni.
Soko likifungwa
anashuka mteremko, magoti ameyakaza.

Jana nilimwita: pita, hakuna foleni.
Akatazama milango yote miwili, akanitazama mimi,
akalipa.
Nilisimama nje, mgongo kwenye ubao,
kwa sababu ya lile komeo.
Mama wa vitenge akafika, akaona, akangoja zamu yake.
Hakusema kitu.
Kesho atasema.