Mawe Arobaini

Machi, kabla ya masika, tulipaka mawe arobaini
rangi ya njano, ile ya kuchorea barabara,
iliyobaki kwenye debe la mkandarasi.
Sikudhani aliandika namba kwa brashi ya rangi ya kucha,
mimi nikapima: kilo, urefu, upana wa kiganja.
Tukayalaza kwenye korongo la Salasala,
pale mteremko unapokata pumzi,
mstari mmoja, ukingo hadi ukingo,
kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa majina.

Mkondo ulikuwa mwembamba, wa kuvukwa na kuku.
Maji yalipita juu ya mawe yetu kwa adabu,
yakabeba jani la mkorosho, kizibo cha soda,
mchanga laini kama unga wa muhogo.
Jiwe, hata moja, halikusogea.
"Yamegoma?" niliuliza.
"Bado," alisema dada. "Maji hayajafika bei."

Nilidhani mto hubeba kama hamali:
mzigo begani, safari moja, ujira mwisho wa njia.
Kumbe sivyo.
Jiwe dogo hujibanza nyuma ya kubwa,
mtoto nyuma ya khanga ya mama, mgeni apigapo hodi,
na lile kubwa, lililo wazi, ndilo lipigwalo kifuani.
Ndiyo maana mara nyingine zito hutangulia.
Na siku likiondoka la mbele,
la nyuma hubaki bila mlango.

Aprili, usiku wa kuamkia Jumatano, mabati yakaanza kusema.
Saa nane tulisikia korongo.
Haikuwa sauti ya maji; maji huvuma.
Hii ilikuwa ya meno,
mawe yakigongana gizani chini ya tope,
mtu anatafuta ufunguo kwenye kapu la vyuma.
Sikudhani alikaa mkekani, simu mkononi,
akaandika: *Yamefika bei. Saa nane na dakika kumi na mbili.*
Bondeni, jiko la Mama Chausiku
liliondoka lote, na sufuria, na ukuta uliolishikilia.
Hilo halikuwa na safu katika daftari letu.

Asubuhi tulishuka na mabuti ya mpira.
Kumi na tisa yalikuwa palepale, yamezama hadi shingo.
Namba tatu: mita mbili.
Namba nane: mita arobaini, limejificha nyuma ya tairi.
Namba ishirini na sita limeziba kalavati
pamoja na godoro la mtu.
Thelathini na moja hatujalipata mpaka leo.
Hakuna lililosafiri moja kwa moja, dada alinionyesha:
ruka, tulia, ruka, tulia,
mwendo wa sekunde chache, kungoja kwa miaka.

Wachimba mchanga walikuwa wameshafika, Fuso mbili, machepe.
"Mto unaleta," alisema Kashinde, "sisi tunapokea."
"Ukikomba hapa, maji yatadai mengine kule juu."
Kashinde akainua macho: ukingo umemeguka,
nyumba ya ghorofa ina ufa wa kupitisha mkono.
Alitema mate. Akaendelea kupakia.
Nami nikakumbuka plasta ya chumba chetu,
inayodondoka kitandani kila tukifunga mlango,
na sikuuliza ilitoka korongo gani.

Wiki ya tatu nilifuata vitumbua.
Mama Chausiku alikuwa amerudi, hatua kumi juu zaidi,
turubai, karai, mafiga matatu.
La tatu lilikuwa la njano ubavuni,
moshi umekula nusu ya namba.
Kumi na saba. Tulikuwa tumeshaandika: *Limepotea.*
"Nililikuta mlangoni," alisema.
"Yaani, pale palipokuwa na mlango."

Nilimwita dada. Alikuja na utepe,
akapima kushuka bonde, akapima kupanda,
mita mia moja na sita,
kumi za mwisho si kazi ya maji.
Kwenye safu ya *Hali ya jiwe* aliandika: limetulia.
Akalitazama karai likichemka.
Akakata.
Akaandika: linapika.