Kabati la Loleza

Fundi Mwasomola aliuliza swali moja tu:
kombe lina kimo gani?
Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuliona kwa karibu.
Basi akapima kwa kukisia, mninga mtupu,
milango ya kioo, kufuli la shaba,
akaacha nafasi ya mtoto wa darasa la kwanza
kusimama bila kuinama.
Mwaka tisini na nne. Ufunguo nikapewa mimi,
mwandika pointi, kwa kuwa, walisema,
mwanamke hapotezi kitu.

Sijapoteza.

Misimu thelathini naandika pointi zetu kwa kalamu ya bluu,
za wenzetu kwa nyekundu,
na nyekundu ndiyo huwahi kuisha wino.

Kabati halijakaa tupu, nisiseme uongo:
pampu ya mpira, bandeji, mihtasari ya vikao,
debe la viazi vya Uporoto, mwaka ule mishahara haikuja
tukawalipa wachezaji kwa kilo.
Mjukuu wangu Tusekile alijificha humo kutwa nzima,
tukamtafuta hadi Mwanjelwa.

Fainali tumefika mara moja.
Iringa, uwanja wa saruji, sekunde nne,
tuko nyuma pointi moja.
Ambindwile akarusha kutoka kona.
Mpira ukapanda juu ya pete,
ukazunguka mara mbili kama mgeni
aliyesikia harufu ya chakula
na bado anaona haya kupiga hodi,
ukaondoka.
Watu husema alikosa.
Mimi niliyekuwa mezani nasema mpira ulikataa.
Kuna tofauti, ingawa daftari halina safu yake.

Juni hii, usiku wa baridi ya kukata masikio,
basi la mabingwa likafa Uyole.
Vijana wa Tunduma, timu ya miaka mitatu,
jezi bado zinanuka duka,
wanatoka Iringa na kombe limefungwa kwenye shuka.
Nahodha wao akaja na heshima zake zote:
Mama, tumesikia mna mahali pa kulaza kitu cha thamani.

Nikatoa pampu. Nikatoa viazi. Nikapangusa.
Akaliweka.

Jamani, fupi!
Fupi kama birika la chai ya watu sita.
Juu yake ikabaki nafasi,
nafasi ya mtoto mzima, kimya,
na kioo kikaonyesha nyuso zetu
kuliko kilivyoonyesha kombe.

Sikumwambia mtu. Saa tano usiku Ambindwile huyo mlangoni,
siku hizi anauza vipuri Soweto,
goti la kulia likitangulia kulalamika.
Hakuomba ufunguo.
Akachuchumaa, akatazama
muda wa robo nzima ya mchezo.
Akasema: Masikio yake hayako sawa.
Halafu: Na jina wamelichora kwa msumari.
Akacheka kicheko
ambacho sijui nikiandike kwa kalamu ipi.

Waliondoka alfajiri, ukungu umemfika Loleza kiunoni.
Nahodha akaacha elfu ishirini juu ya kabati,
ada ya kulala, alisema.
Nikamkimbilia na kandambili zangu hadi barabarani
nikamrudishia mkononi.
Hatukodishi.

Ndani, chuma cha baridi kimeacha
duara la unyevu kwenye mninga.
Fundi Mwasomola angekuwa hai angenuna.
Nimeshika kitambaa tangu saa moja.
Kesho Jumanne, mazoezi,
mpira mmoja unavuja, pampu iko sakafuni,
na viazi, nilipovitazama mchana,
vimeanza kuchipua.