Povu Lisilotokea

Sanduku la kwanza nililofungua Kadutu
lilikuwa na chura.
Chura mdogo, rangi ya matope,
amekaa juu ya trei ya nyuzi
kama mwenye nyumba anayesubiri kodi,
na chini yake kikombe kizima cha maji.
Nyuzi kumi na mbili. Saba zimekufa.

Bosi akasema: tuchukue tena lile la bei nafuu,
lenye vibanio, linafunguka upesi.
Nikamwambia: kinachofunguliwa kwa kidole
hata mvua itakifungua.
Hakucheka. Alihesabu dola mara mbili,
akasaini bila kunitazama.

Kwa hiyo leo tunapandisha hili:
jeusi, umbo la kengele, mdomo chini,
kwa kuwa maji hayajajifunza kupanda,
ingawa hapa Bukavu, mwezi wa nne,
nimeyaona yakijaribu.

Cishugi, shika hapa. Menya polepole.
Wezi waliukata huu wiki jana wakitafuta shaba,
wakakuta kioo, chembamba kuliko unywele,
kitu ambacho hata mnunuzi wa vyuma chakavu
hawezi kukipima kwa mzani wake.
Wakaacha ncha zikining'inia. Wakatutukana, nadhani.

Zitaje: bluu, chungwa, kijani, kahawia,
kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi...
Usikimbie. Ukiruka rangi moja,
wodi ya wazazi pale juu
itaamka na mtandao wa kiwanda cha bia.

Mashine inatoa cheche,
ndogo, hata kiberiti kingeicheka,
kisha inaandika hasara: sifuri nukta sifuri mbili.
Mimi na kaka yangu tulikatika kwenye matanga ya baba,
kwa sababu ya kiwanja.
Hakuna kioo cha skrini kilichotuambia ni kiasi gani.
Leta uzi wa pili.

Sasa kebo. Iache ishuke chini ya tundu
kabla ya kupanda kuingia,
ili tone likifika kwenye kona lichoke, lidondoke.
Choma ile mikono ya plastiki mpaka inywee,
lakini kwa moto wa kuzunguka, kama unakausha mtoto,
usisimame mahali pamoja.
Na mita kumi na tano za ziada, zikunje mduara, zifunge kwenye nguzo.

"Zote hizo? Bosi atalia."
Alie. Kilima hiki kinatembea.
Muulize Mama Nsimire: mlango wake ulitazama ziwa,
leo unatazama choo cha jirani,
na yeye hajahama hata siku moja.
Kilima kikivuta, kikute cha kuvuta.

Mwisho, upepo. Tunalijaza sanduku kwa pampu ya baiskeli,
na Mama Nsimire anatuletea sabuni ya kufulia
imekorogwa kwenye bakuli la sombe.
Ninapaka kwa brashi: kwenye pete, kwenye mpira,
shingoni mwa kila kebo.
Watoto sita wamekusanyika, shingo juu,
wameambiwa kutakuwa na mapovu.

Tunangoja.
Hakuna povu.
Tunangoja tena, nimeweka sikio.
Hakuna.

"Haifanyi kazi," mmoja anasema, na wanaondoka
wamekasirika, kama waliouziwa sambusa tupu.
Namna gani ningewaeleza
kwamba nimelipwa maisha yangu yote
ili kitu kisitokee?

Mama Nsimire anataka bakuli lake.
Anauliza kama sasa ataweza kumwona binti yake
aliye Kolwezi, uso wote, si vipande vipande.
Nasema tutaona.
Anasema, "Hivyo ndivyo alivyosema yule wa kabla yako."
Sikumtajia chura.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika barabarani,
ile ya kwetu, isiyopiga hodi.
Cishugi aligeuka kutazama nguzo.
Mimi sikugeuka.
Niligeuka.