Ombi la Kuondoa Zuio

Mheshimiwa hakimu,
nashika yangu kalamu,
Zena Famau wa Lamu,
nyumba yangu Mkomani.

Sina pesa za wakili,
nina risiti kamili,
hati ya nyumba, asili,
nimezifunga lesoni.

Nyumba ya mawe, ya kale,
mama alizaa pale,
bakuli za enzi zile
bado zimo vidakani.

Dari yangu ya ghorofa,
boriti zilishakufa,
kutani zikaja nyufa,
maji yakishuka ndani.

Shekuwe mkandarasi
akapima kwa nafasi,
akataja na kiasi:
laki sita, si utani.

Hatukuandika neno.
Tulipeana mikono
na kashata kama tano;
ndiyo hati ya zamani.

Nikalipa kwa mafungu.
Kikuku cha mama yangu
kikauzwa kwa uchungu
kwa sonara wa Langoni.

Akafanya, sikatai,
jua kali, bila chai;
uongo haunifai,
akilala sakafuni.

Dari mpya, maji yale,
hudondoka pale pale,
na ndoo ni ile ile,
nalala nayo jirani.

Naye adai zaidi,
ati kazi ilizidi,
bila ya hata shahidi:
laki mbili mkononi.

Nikakataa. Akenda,
kwa msajili kapanda,
zuio akalipanda,
likamea kitabuni.

Siuzi hata msingi,
sikopi hata shilingi,
majirani, yao mengi,
nyumba iko kifungoni.

Dada yangu Mwanatumu
ataka yake sehemu,
ana mwana wa elimu,
ada yangojwa chuoni.

Deni ni yeye na mimi;
nyumba haina ulimi,
wala haikopi kumi,
ya nini iwe rehani?

Nimeapa kwa kiapo,
mhuri mwekundu upo,
na nakala zake zipo,
tatu, kwako failini.

Ila jana, penye taa,
hesabu nikizitwaa,
jambo moja likang'aa,
likanichoma moyoni.

Boriti kumi na nane
zililetwa Jumanne;
risiti wapi nione?
Sikulipa: hilo deni.

Naliandika na hili,
ingawa si la akili;
angekuwepo wakili
angelifuta, jamani.

Nitalipa za boriti,
anipe yangu risiti,
nawe uivue hati
kamba iliyo shingoni.

*

Leo nje ya mahakama,
benchi moja, nasimama;
Shekuwe akainama,
akasogea pembeni.

Nikaketi. Kauliza:
"Dari bado yakuliza?"
Nikamwambia: "Yajaza
ndoo tatu, usikuni."

Akatazama viatu
vyenye chokaa ya kwetu.
Ikaitwa kesi yetu,
tukaongozana ndani.